Mtu wa Ndege Aliyeshindwa Kusimama

Enzi zetu pale Nchelenge, Zambia, ndugu zangu mliozaliwa karibu na uhuru, mtoto hakununuliwa kichezeo, alijitengenezea. Gari lilikuwa la waya na vifuniko vya chupa, ndege ilikuwa ya bua la mahindi, mpira wa matambara. Tulikwenda shule miguu peku na kurudi tukinuka chisense, vile visamaki vidogo vilivyoanikwa mchangani hadi njia ya kupita ikakosekana. Siku hizi mtoto ana vitu chumba kizima na bado analalamika hana la kufanya. Sisi tungethubutu kusema hivyo, tungekabidhiwa jembe.

Nyumbani tulisema Kiswahili, maana baba alitoka Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Zaire. Nje tulicheza kwa Kibemba na Kiswahili cha kuokoteza.

Ufukweni kwetu kulikuwa na desturi. Mtumbwi mpya ukimalizika, uliachwa mchangani siku tatu. Kila mpita njia aliruhusiwa kutaja kosa lake, na mwenye chombo hakuruhusiwa kununa. Ila aliyetaja kosa sharti asaidie kulirekebisha, ashike ubao au achemshe lami. Na chombo kikishaingia majini, midomo yote inafungwa. Wazee walikagua mitumbwi. Sisi watoto tulikagua magari yetu ya waya kwa sheria ileile. Jaji wetu mkuu alikuwa rafiki yangu Kalaba, binti wa fundi mitumbwi, mwenye ulimi mkali kuliko randa ya baba yake. Kiswahili alikiokota sokoni, akiwauzia samaki Wakongo.

Mwaka niliofikisha miaka tisa, baba alikuwa amekaa Lubumbashi misimu miwili ya mvua, akifanya kazi kwenye karakana ya magari. Barua haikuja hata moja. Mama akifika kisimani, wanawake walinyamaza, nami nilijua wananyamazia nini. Walisema amepata mke mwingine huko.

Ndipo siku moja Mama Odile, mfanyabiashara aliyevuka ziwa kila wiki, akashuka na boksi kichwani.

"Faida, mutoto wa mama, baba yako anakutumia hii. Anasema: mupatie mu mukono yake mwenyewe."

Ndani mlikuwa na ndege ya vita, nyekundu na nyeupe, ya chuma na plastiki. Ukikunja mabawa na kuvuta mkia, inageuka mtu! Kichwa kinachomoza tumboni, mkia unakuwa miguu. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Kabla ya saa sita watoto wa mtaa mzima walikuwa wamenizunguka ufukweni, na Kalaba amechuchumaa mbele, akikigeuzageuza kile kichezeo.

"Angalia," akasema. "Kifua njo ile pua ya ndege. Uzito yote iko mbele. Huyu mutu atasimama namna gani?"

Akamsimamisha. Akaanguka kifudifudi. Akamsimamisha tena, akaanguka tena.

"Na mabawa inakamata mabega. Atamega ubwali na nini? Na dereva, angalia! Ndege ikigeuka mutu, dereva iko kichwa chini. Atatapika kila siku!" Kisha akaokota ngumi mbili za yule mtu, zilizokuja zimetengwa kwenye kifuko. "Mutu anaenda mu vita, mikono iko mu mufuko?" Akazichomeka mikononi mwake.

Watoto walicheka hadi wakagaagaa. Na Kalaba alisema kweli, sikatai. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimamisha yule mtu asubuhi nzima, anaanguka. Lakini kila kosa alilolitaja niliona anamtaja baba. Kama kitu hiki ni kibovu, basi baba alikiokota bila kukitazama, akatutupia kama mfupa. Nilishindwa kuvumilia. Nikamnyang'anya, nikakimbia hadi majini na kukitosa.

"Imeingia mu maji!" nikapaza sauti. "Munyamaze bote!"

Sheria ni sheria, wakanyamaza wote. Ndege nayo ikanyamaza, ikazama papo hapo. Hasira ilinisahaulisha kwamba chuma si mtumbwi.

Nililia kilio ambacho sijakirudia tena. Kalaba akasogea, akafungua kitenge kiunoni, akabaki na gauni.

"Nilisema makosa nne," akaniambia. "Niko na mikono miwili tu. Basi twende."

Tukashika kitenge huku na huku kama wavu, tukachota matope kandokando ya matete, wengine wakituangalizia mamba, hadi jua likainama. Tulimpata akiwa na ngumi moja. Kalaba alimpeleka kwa baba yake, huko akamchongea mwenyewe viatu vya mbao, virefu mbele, akavibandika kwa lami. Yule mtu akasimama. Mama alituchapa wote wawili kwa kuingia majini, Kalaba akachapwa tena kwao kwa ajili ya kitenge.

Baba alirudi kiangazi, amekonda, na mfuko mmoja begani. Mama alimwandalia chakula, akampa mgongo. Baba akala akiangalia chini, kisha akainua macho, akamwona yule mtu wa ndege dirishani na viatu vyake. Akamchukua, akamweka mezani. Hakuanguka. Baba akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Anasimama! Nani alimusimamisha? Mi nilishindwa. Siku tano nzima, kila mangaribi nikitoka ku kazi, ninamuweka pa meza, anaanguka. Ninamuweka, anaanguka. Nikasema, acha, Faida atajua."

Mama alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Mkono wake ukasimama. Habari ya mke mwingine siijui hata leo, na mama hakuniambia. Lakini nilijua baba alikuwa wapi jioni zile tano, na moyo wangu ukatulia.

Sasa mwanangu yuko mjini Kitwe, na mwanawe namlea mimi. Juzijuzi alimwagizia mjukuu wangu kichezeo kwa simu, kikatoka dukani hadi mlangoni kwangu bila yeye kukigusa. Kinageuka vitu vitano, kinawaka taa, kinaongea. Siku ya pili bawa likavunjika. Mtoto hata hakununa. "Nkambo," akaniambia, "papa atatuma ingine."

Nikampigia mwanangu, nikamuuliza: "Mbele ya kukituma, ulikicheza kwanza?"

"Mama!" akacheka. "Nitacheza saa ngapi? Niko ku kazi."

Nikacheka naye, kwa maana ni mtoto mwema na ndiye anayenilisha. Kisha nikakata simu. Nimeshaupita umri aliofia baba, lakini siku ile nilikuwa na hamu naye kama mtoto wa miaka tisa.