Tangazo la Godoro

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu unayesoma, na wala haikuwa sikukuu. Ilikuwa Jumamosi tu ya kiangazi, saa nane na nusu mchana, nimekaa sebuleni kwangu hapa Isevya, mjini Tabora, miguu nimeinyoosha, naangalia picha kwenye televisheni. Watoto wangu niliowazaa sijawahi kuwasimulia siku hiyo. Nilimweleza padri mara moja, akanipa sala za kusali, nikazisali zote. Haikuondoka.

Nisingeandika leo kama si mjukuu wangu Kabula. Juzi alikuja na simu yake, anacheka peke yake, akasema, "Bibi, njoo uone, watu wamerusha matangazo ya zamani ya hapa kwetu." Akanishikisha simu. Nikamwona yule mwenye duka la magodoro, marehemu sasa, na suti yake ya kahawia. Kabula akasema, "Cheka basi, Bibi. Si ulisema mlikuwa mnayapenda?" Nikamrudishia simu, nikatoka nje nikaenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mtoto akadhani amenikosea. Hakunikosea.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ninyi mna picha hadi chooni, hamwezi kujua. Wakati ule mume wangu alikuwa fundi wa reli. Alinunua televisheni, ile yenye chogo, na mtaa mzima ilikuwa moja. Mimi nilikuwa kijana bado, nina watoto wawili, darasa la nne niliishia, na ghafla nimekuwa mtu wa kusalimiwa na kila mtu kwa sababu ya televisheni. Kichwa kikavimba. Nisikufiche.

Kila Jumamosi saa nane, kituo cha hapa mjini kilikuwa kinaonyesha picha. Walikuwa wanaikata. Mwanamume na mwanamke wakikaribiana nyuso tu, linaingia ua jekundu, limetulia hapo kwenye kioo na muziki, mpaka yaishe wanayoyafanya. Wanawake tunaangaliana, tunaangalia chini. Mara nyingine wanakata hata pasipokuwa na ubaya. Unaacha steringi, yule shujaa wa picha, amefungwa kamba, linakuja tangazo, ukirudi yuko juu ya farasi na adui ameshakufa. Basi hapo ndipo penye utamu. Kila mtu anasema lake. Jirani yangu Mama Sizya ndiye alikuwa bingwa wa kuvijaza vipande vilivyokatwa. "Alimng'ata adui sikio," atasema, "mimi niliona kidogo kabla hawajakata." Muongo kabisa, na tulimpenda.

Na matangazo ndiyo yalikuwa saa yetu. Tangazo la sabuni linatosha kwenda kuchochea mkaa na kurudi. La mashine ya kukoboa, unachota ndoo moja bombani kama foleni hakuna. La godoro lilikuwa refu kuliko yote, lakini hakuna aliyekwenda popote likiwa linaonyeshwa. Yule baba mwenye duka analala mwenyewe juu ya godoro, na suti yake na viatu vyake, anafumba macho, anakoroma. Halafu anafumbua jicho moja, anasema, "Mimi nalala hapa. Wewe unalala wapi?" Watoto walikuwa wanaulizana hivyo njiani kutoka shule. Hata mimi, nikimwamsha mume wangu asubuhi, nilimuuliza hivyo.

Sasa siku hiyo. Chumba kimejaa, watu kumi na tano labda, wengine madirishani. Nikasikia hodi. Nikaitikia karibu bila kugeuka. Akaingia Mjomba Masanja, kaka yake mama yangu, ametoka kijijini kwetu upande wa Ulyankulu. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkononi ana kiroba.

Kwetu, mwanangu, mwanamke akimwona mjomba wake anapiga magoti. Mimi nilimwamkia nimekaa. "Shikamoo Mjomba." Akasema, "Marahaba, mwanangu," akasimama akanitazama, akangoja kidogo. Nikamwonyesha kiti karibu na mlango. Kiroba nikakipokea, nikakisukuma chini ya kochi bila kukifungua.

Jambo lingine unatakiwa ulijue. Wazee wa mama yangu walikuwa wapagazi, watu waliobeba mizigo ya wenyewe kutoka hapa mpaka pwani na kurudi. Kwa watu wale, mtu aliyetembea haulizwi neno kabla hajanywa maji, na yeye mwenyewe hasemi kabla hajaulizwa. Akishakunywa, unakaa mbele yake, unamuuliza habari za alikotoka, naye anazitoa moja moja, nzuri na mbaya. Nimelelewa hivyo. Mama yangu alinichapa kwa hilo nikiwa na miaka sita, nilipomuuliza mgeni amekuja kufanya nini naye bado anafuta jasho. Kwa hiyo usiseme sikujua.

Mjomba akakaa. Kofia akaiweka magotini. Baada ya muda akasema polepole, "Mwanangu, nina neno."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo Mjomba, linakuja tangazo sasa hivi."

Mama Sizya akaongeza, "Mzee, tulia, yule mwenye ndevu ndiye adui. Usimwamini hata akitabasamu." Watu wakacheka. Mjomba naye akatabasamu kwa heshima, akamtazama huyo mwenye ndevu.

Tangazo likaja. Likaja la godoro. Na mimi, mwanangu, sikuinuka.

Hapa ndipo panaponichoma. Ningekuwa nimenogewa na picha, ningesema ni picha, sikuwa nimeiona. Lakini tangazo lile nilikuwa naliona kila Jumamosi. Nilijua atakoroma mara ngapi. Nikabaki nimekaa, nikacheka na wenzangu, mtungi wa maji uko hatua tano kutoka nilipo. Alipouliza "Wewe unalala wapi?" chumba kizima kikaitikia, "Chini!" Sauti yangu ilikuwemo. Nikageuka nimwone Mjomba kama anacheka. Alikuwa anaangalia kofia yake.

Yakaja mengine mawili kabla picha haijaisha. Moja nilikwenda kugeuza antena. Jingine sikumbuki hata nilifanya nini.

Picha ilikwisha karibu saa kumi. Watu wakatoka wakibishana juu ya kipande kilichokatwa mwishoni. Ndipo nikachota maji, nikapiga magoti sasa, nikampa. Akayanywa yote bila kupumzika. Nikaona jinsi alivyoyanywa, nikakaa mbele yake.

"Habari za nyumbani, Mjomba?"

"Nyumbani si kuzuri. Mama yako yuko kitandani siku ya tano. Amenituma nije nikuchukue twende leo. Ana neno la kukuambia, na amesema si neno la kumpa mtu alibebe."

"Gari linaondoka saa ngapi?"

"Ni lile lile nililokuja nalo. Walisema saa tisa na nusu."

Nilitoka na kanga moja na viatu vya kuogea. Nilikimbia mpaka stendi, Mjomba nyuma yangu na miguu yake mibaya. Pale linapoegeshwa palikuwa na doa la oili na mama anayeuza karanga. Akasema, "Limeondoka muda si mrefu." Gari la Ulyankulu lilikuwa moja kwa siku. Simu hakuna. Nilikaa chini pale pale kwenye karanga za watu. Mjomba alisimama karibu yangu ili watu wasinione nikilia.

Tulifika kesho yake jioni. Mama alikuwa hai. Macho yapo, mkono wake una joto, alinijua nilipoingia, nikaona alivyonijua. Lakini sauti ilikuwa imeondoka asubuhi ile. Dada yangu alisema usiku kucha alikuwa anauliza, "Hajafika?" Nilipopiga magoti alinishika kidole, midomo ikawa inakwenda, inakwenda, nikaweka sikio langu karibu kabisa. Pumzi tu.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, chini yake mkeka na blanketi moja. Sasa nakuambia aibu yangu yote. Pale pale, sikio langu mdomoni mwa mama yangu, lililokuja kichwani ni neno la yule mwenye duka. Mimi nalala hapa. Wewe unalala wapi. Sikuliita. Lilikuja lenyewe, kwa sababu ndilo nililokuwa nimelipa nafasi.

Tulimzika siku ya tatu.

Wakati wa matanga watu waliuliza kwa nini tulichelewa. Mjomba Masanja akajibu mbele ya wote, "Gari lilituacha." Basi. Hakusema kwa nini lilituacha. Mzee yule hakuwa mtu wa uongo, na uongo wake wa pekee ninaoujua aliubeba kwa ajili yangu. Nilimfuata nyuma ya nyumba, nikaanguka miguuni pake, nikamwomba msamaha kwamba nilimweka na kiu. Akaniinua kwa mkono. Akasema, "Mimi kiu yangu iliisha jioni ile uliponipa maji. Mama yako ndiye aliyekwenda na neno lake." Hakulirudia tena mpaka na yeye alipoondoka.

Niliporudi mjini, kiroba kilikuwa bado chini ya kochi. Ndani mlikuwa na michembe, viazi vitamu alivyovikata mama mwenyewe na kuvianika kabla hajalala kwa ugonjwa. Sikuweza kuipika, sikuweza kuitupa. Ililiwa na wadudu.

Neno lake sijui lilikuwa nini. Labda shamba. Labda habari ya baba yangu, ambaye hatukumjua sana. Labda ni kuniambia tu nisiwachape watoto kichwani. Miaka yote hii nimelijaza kama Mama Sizya alivyokuwa anajaza picha, leo hivi, kesho vile, na kila nikimaliza najua nimedanganya.

Kabula ameniambia siku hizi picha zile zinapatikana nzima, hazikukatwa. Akanitafutia ile ya siku ile. Tuliangalia mpaka kile kipande cha mwisho walichobishania. Ni watu wawili wanaagana mlangoni tu. Mbona walikikata, sijui.

Basi nisikie, mwanangu, nitasema mara moja. Sikukatazi simu, wala sikukatazi kucheka. Nami nilicheka, na ninayakumbuka yale matangazo kwa mapenzi hata leo, ndiyo maana yananiuma. Lakini mtu akiingia kwako, inuka. Kioo kigeuze chini. Mpe maji, kaa mbele yake, muulize ametoka wapi na kukoje, halafu nyamaza mpaka amalize. Usimwambie ngoja kidogo. Hujui amebeba neno la nani, wala gari lake linaondoka saa ngapi. Picha wataionyesha tena. Godoro nimeliona tena juzi, mkononi mwa mjukuu wangu, yule baba anakoroma vile vile.

Mungu akujalie nyumba inayobishwa hodi. Akupe magoti mepesi ya kuinukia. Na ukiitwa na wako, akufikishe wakati bado wana sauti.