Wimbo Uliokwama Kwenye Kadi ya Awinja

Kibanda cha Jescah Awinja kiko Khayega, nyuma ya duka la mbegu, na upana wake ni wa meza moja tu. Juu ya meza hiyo kuna chuma cha kulehemu, raba ya shule iliyokatwa nusu, na kompyuta kuukuu ambayo feni yake hulia kama posho mill inayosaga mahindi. Redio za wazee wa Shinyalu hupelekwa hapo zikikohoa. Vijana wa boda boda huleta hapo spika zao zikikataa kusoma memori kadi. Awinja hagusi kitu kabla hajauliza, "Mara ya mwisho ilifanya nini?" Ukimjibu kwamba haifanyi chochote, anakurudishia swali lile lile mpaka ulijibu.

Nilimwonea wivu mama huyu mwaka mzima, na sitamweleza kwa haki nikificha hilo.

Ana miaka thelathini na tisa. Baba yake, marehemu Khaemba, alikuwa mpiga ngoma za isukuti, na nyumba yao haikukosa kelele. Alisomea umeme wa redio kwenye chuo cha Sigalagala, darasa lenye wasichana wawili. Mwaka wa pili akapata mtoto, Beverly, akaacha. Baada ya miaka minne alirudi na kumaliza, akikaa na vijana waliomwita shangazi. Watu wengi sasa humwita Mama Beverly.

Mimi naitwa Jairus. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya mawasiliano na hasira nyingi. Niliamini, na bado naamini, kwamba tukiacha nyimbo za wazee wetu zizikwe pamoja nao, wajukuu wetu watakuwa wageni katika mashamba yao wenyewe. Mimi na mwenzangu Michelle tukaanzisha kikundi cha kuzirekodi. Mimi ndiye niliyeandika maombi ya msaada, kurasa kumi na tisa. Tukapewa rekoda moja, ndogo kama nusu kipande cha sabuni.

Awinja alikuja kwetu kurekebisha kifuniko cha betri tu. Kufikia mwezi wa tatu, wazee walikuwa wakipiga simu kuuliza, "Yule mama wa redio atakuja?" Mimi nilifika na maswali yaliyopangwa, wakanijibu kama wanavyomjibu chifu: ndiyo, hapana, tunashukuru. Yeye alikaa chini nao akichambua maharagwe, rekoda ikiwa juu ya sufuria iliyofunikwa leso ili isinase mtikisiko wa meza. Hakuuliza chochote, lakini waliimba mpaka betri ikaisha. Nikirudi nyumbani nilisikiliza rekodi hizo nikitafuta makosa yake. Nilipoyakosa, nilikasirika zaidi.

Kisha kukatokea habari ya Mzee Shikanga, mfugaji wa fahali wa kupigana kule upande wa Iguhu. Alikuwa na fahali mweusi aitwaye Tingatinga. Mzee huyu alikuwa na desturi yake: kila fahali wake ana wimbo wake mmoja, unaoimbwa asubuhi anapotolewa zizini kwenda uwanjani. Fahali akishindwa, wimbo wake unakwisha. Hauimbwi tena, hata kwa mjukuu anayelia.

Nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, "Wewe unataka wimbo. Ng'ombe mwenyewe unamtaka?" Awinja alikwenda mara moja tu, akauliza Tingatinga anakula nini, na mzee akamwambia aje Jumamosi na mashine yake.

Tulifika jua likichomoza. Awinja alipokuwa akiwasalimia akina mama jikoni, nilichukua rekoda kwenye mkoba wake. Yeye alikuwa ameiweka kwenye MP3, ambayo hubana sauti ili kadi isijae. Nikaibadilisha iwe WAV, ambayo huacha sauti nzima. Nilijiambia ni kwa ajili ya ubora. Ukweli ni kwamba nilitaka kitu kimoja katika wimbo ule kiwe changu. Nikairudisha bila kusema neno.

Shikanga aliimba akiwa ameshika pembe moja ya fahali. Sitaueleza wimbo ule. Mwenye kutaka atausikia. Ngoma zilipoingia na watu kuanza kusukumana, mke wa mzee alimwita Awinja kwa haraka amsaidie kufunga lango, naye akaiacha rekoda juu ya gogo. Niliichukua, nikatoka nayo hadi barabarani. Nilitaka niwe wa kwanza kuusikia na wa kwanza kumpelekea Michelle.

Hapo barabarani nilizungumza kidogo na kijana wa boda boda. Kisha nikafungua kompyuta yangu juu ya kiti cha pikipiki yake, nikaichomoa kadi. Ilipokuwa tayari mkononi mwangu ndipo nikaona taa nyekundu. Awinja hakuwa ameizima. Rekoda ilikuwa bado inaandika.

Kompyuta iliniambia kadi haisomeki, ikauliza kama niifomati, yaani niifute yote ianze upya. Nikakataa. Niliirudisha kadi kwenye rekoda, nayo ikaonyesha alama ya hitilafu. Basi nikafanya kile anachofanya mwizi akisikia hatua mlangoni. Niliirudisha rekoda kwenye MP3 kama nilivyoikuta, nikaizima, nikaitia ndani ya mkoba wa Awinja.

Uwanjani, Tingatinga alipigana dakika nne, akageuka, akakimbia. Shikanga alimfuata nyuma bila fimbo. Wimbo ulikuwa umekwisha.

Jumatatu tulikutana kibandani. Awinja alisema kadi inakataa. Michelle akauliza inawezekanaje. Kabla mwenye kadi hajafungua mdomo, mimi nikasema, "Si nilisema kadi za sokoni haziaminiki?"

Ile kadi Awinja alikuwa ameinunua mwenyewe. Hakubishana. Alitazama kwanza kile kidude cha pembeni kinachofunga kadi isiandikwe, kilikuwa wazi. Akasugua miguu ya shaba ya kadi kwa raba yake, polepole. Akatia kadi nyingine kwenye rekoda, rekoda ikafanya kazi, kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye rekoda. Akaipeleka kadi yetu kwenye kisomeo kingine, ikakataa vile vile. Halafu, kwa programu yake ya kuokoa kadi zilizoharibika, akanakili kila kilichokuwa ndani, kizima na kibovu, akaitoa kadi na kuifunga kwenye karatasi. "Sasa tutasumbua nakala," alisema. "Mgonjwa mwenyewe apumzike."

Alithibitisha kwamba ukubwa wa kadi ulikuwa ule ule ulioandikwa juu yake. Haikuwa feki. Nilivunjika moyo, na siwezi kuliita jambo hilo jina jingine. Rekodi zote za zamani zikapatikana. Ya Jumamosi ilikuwa na jina, lakini ukubwa wake ulikuwa sufuri.

"Hii ilikatwa ikiandika," alisema, macho yake yakiwa kwenye meza. "Au betri iliisha, au kadi ilitolewa. Kuna mtu aliigusa?"

Michelle alisema hapana. Mimi niliangalia feni.

Awinja alitafuta vipande vya MP3 kwenye nakala ile Jumatatu yote na Jumanne yote. Alipata vya rekodi zilizofutwa mwezi uliopita. Cha Jumamosi hakupata hata kimoja. Mimi nilijua kwa nini. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo, kwa sababu mimi nilikuwa nimekibadilisha umbo. Jumanne jioni alianza kujitilia shaka. Alimwambia Michelle pengine hakubonyeza vizuri, pengine aliona taa akadhani. Akamwomba aandike kwenye kumbukumbu za kikundi kwamba wimbo umepotea mikononi mwake, na kwamba hatarekodi tena.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo mwaka mzima. Sasa nimelipata, nikashindwa kula.

Jumatano Mzee Shikanga alifika. Tingatinga alikuwa ameshauzwa. Mzee aliketi kwenye kreti la soda, akavua kofia, akasema, "Mwana wa Khaemba, niwekee. Leo nataka kumsikia tu. Kumwimbia, hapana."

Awinja alisimama ili amwambie. Alimwita Kuka, yaani babu, akaanza kusema kwamba wimbo umepotea.

Nikasema, "Ni mimi."

Nilieleza yote nikitazama miguu yangu: WAV, barabara, taa nyekundu, na jinsi nilivyorudisha mipangilio ili nisijulikane. Michelle alitamka jina langu mara moja, kwa sauti ya chini. Shikanga alimgeukia Awinja akauliza, "Huyu ndiye mliyesema amesoma?"

"Ngoja kidogo, Kuka." Awinja alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. Hakuniuliza kwa nini. "WAV ya kiwango gani?"

"Arobaini na nane."

"Njia moja au mbili? Mono au stirio?"

"Sikumbuki."

"Ulikumbuka kuirudisha, hukumbuki ulichokiweka," alisema, na huo ndio ulikuwa ukali wake wote.

Ilichukua karibu saa mbili. Sauti ya WAV iliyokatwa haina alama za kuitambulisha kila hatua; ni lazima uiambie mashine mwenyewe kwamba kuanzia hapa hadi pale ni sauti, na ni ya namna gani. Michelle alimletea mzee chai na mahindi ya kuchemsha. Mara ya kwanza kulitoka mvumo kama mvua juu ya mabati. Kisha Awinja akajaribu njia moja, ikatoka sauti nzito, ikiburuta maneno kama mlevi anayetafuta nyumba yake.

"Huyo si mimi," Shikanga akasema huku anatafuna. "Huyo ni shemeji yangu."

Awinja akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akabadilisha iwe njia mbili, akabonyeza. Kibanda kikajaa asubuhi ya Jumamosi: kwato kwenye tope, jogoo wa mbali, na Shikanga mwenyewe akimwita Tingatinga kwa majina ya mama yake na bibi yake. Mzee aliacha kutafuna. Kijana aliyekuwa ameleta spika yake alizima pikipiki. Hata mimi niliyekuwa pale siku ile nilijua kwamba sikuwa nimeusikia. Nilikuwa nimekodolea rekoda macho tu.

Ngoma ziliingia, zikafifia. Ghafla Awinja alichomeka hedfoni, sauti ikakatika kwetu, akaendelea kusikiliza peke yake. Dakika moja, mbili, nne. Kisha akanitazama, akaziweka hedfoni mezani.

Ndipo nilipokumbuka. Rekoda ilikuwa mfukoni mwangu, ikiandika, nilipokuwa nikizungumza na kijana wa boda boda barabarani. Yeye alikuwa amenitania, "Kwani wewe hubebanga tu mkoba wa Mama Beverly?" Nami nilikuwa nimemjibu kwamba yule ni fundi wa redio mbovu, kwamba wazee wanampenda kwa sababu hawajui wanachokipenda, na kwamba bila mimi angekuwa anakaanga mandazi stendi. Nililisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kijana hakucheka.

"Ndiyo mwisho?" Michelle aliuliza.

"Ndiyo mwisho wa wimbo," Awinja akajibu.

Shikanga alimshika mkono, akaaga, akaenda zake. Mimi hakunipa mkono, na sikumlaumu.

Ijumaa nilirudi kibandani peke yangu. Awinja alikuwa amefungua redio ya mtu. Aliniambia wimbo umeshahifadhiwa, na amenakili mara tatu. Kwenye karatasi aliandika: Wimbo wa Tingatinga, mwimbaji Shikanga, umerekodiwa na Jescah Awinja na Jairus. Nikamwambia aondoe jina langu.

"Sauti yake ni safi kuliko zote tulizo nazo," alisema. "Hiyo WAV yako ilikuwa sawa, mdogo wangu. Ungeniambia tu."

Kisha akafungua droo, akanipa kile kikaratasi alichofungia kadi. "Nimekata dakika nne za mwisho. Kwangu hazipo. Zimebaki humo tu, na humo kunahitaji kufomatiwa. Fanya wewe."

Akarudi kwenye redio yake. Mteja mpya alikuwa amesimama mlangoni, na nilimsikia akiulizwa mara ya mwisho ilifanya nini.

Hivi sasa Awinja ndiye anayeongoza kazi yote ya kurekodi, nami nabeba mkoba. Wivu haujaisha. Wazee wakimpokea kwa shangwe, bado kuna kitu kinanichoma hapa kifuani, na wakati mwingine namwonea wivu hata kwa jinsi alivyochomeka zile hedfoni. Kadi ninayo. Sijaifomati. Siku nikianza kujiona, huitia kwenye kompyuta, nikaifukua sauti kama nilivyomwona Awinja akifanya, nikajisikiliza dakika nne, halafu nikaenda kazini.