Somo Lisilotaka Mikono

Bi Mize wa Madungu hakuwa adui wa elimu, ingawa waliosoma walimsema hivyo. Alikuwa adui wa kitu chochote kinachomtoa mtu kwenye karafuu wakati wa msimu, na msimu ule, mwishoni mwa miaka ya hamsini, mikarafuu yake ilizaa mpaka matawi yakainama. Karafuu mbichi hazina subira. Zikishachumwa lazima zichambuliwe, zitolewe makonyo, vile vijiti vyake, zianikwe. Zikilala zimelundikana hupata moto, na zikikauka hutoka nyeupe, mnunuzi hazitazami mara mbili. Na mchambuzi wake hodari alikuwa Mwanawema, binti wa kaka yake.

Sasa huyu Mwanawema alikuwa amerukwa na akili kwa ajili ya hospitali. Aliachika mapema, akaapa hataki mume mwengine mpaka avae nguo nyeupe ya wauguzi. Hospitali ilikuwa inatafuta wasichana wa kuwafundisha kazi, lakini wawe na cheti cha masomo ya alasiri ya wanawake. Kusoma na kuandika alishakujua. Yalibaki masomo mawili ya kuchagua mwenyewe, na shangazi yake alitoa ruhusa kwa sharti moja tu: aende na pakacha la karafuu, na arudi nalo limechambuliwa.

Siku ya kuchagua, wenziwe walikimbilia ushoni, maana gauni unaloshona ni lako, na upishi, maana kinachopikwa huliwa. Mwanawema alisimama mbele ya Bi Mwatima, mwalimu aliyeletwa kutoka Unguja.

"Mwalimu, kwenye ushoni mikono yafanya nini?"

"Inashona, Mwanawema. Ingefanya nini tena?"

"Basi hilo silitaki. Na hesabu?"

"Utaandika."

"Ah! Nalo lina mikono hilo."

Mwisho akachagua somo la afya, ambalo ni la kusikiliza, na Kiingereza cha kuzungumza. Bi Mwatima alifurahi, akidhani kapata mpenda lugha. Furaha yake ilidumu mpaka kesho yake, Mwanawema alipoingia na pakacha kichwani, akatandika kanga sakafuni na kuanza kuchambua.

"Hapa ni darasani, bibi wee, si uwani kwenu!"

"Mwalimu, masikio yangu na mdomo n'vyako. Mikono n'ya shangazi."

Darasa zima liliangua kicheko, na Bi Mwatima, aliyekuwa amekunja uso kweli kweli, naye kikamponyoka. Mwanawema akaachiwa, mradi makonyo yasibaki sakafuni.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. Mikono inachambua, mdomo unamwaga Kiingereza, na Bi Mize anaguna pembeni.

"Yuno kama cherehani," alimwambia jirani. "Mikono ikisimama, na mdomo wasimama."

Siku ya mtihani akaja bibi mkaguzi, mwanamke wa miwani na kalamu mbili. Kwa heshima yake, Bi Mwatima alipiga marufuku pakacha. Mwanawema akaketishwa kwenye kiti, peke yake, mikono mapajani, mitupu. Mkaguzi akamwuliza kwa Kiingereza jina lake nani.

Mwanawema akaitazama mikono yake.

Akamwuliza anaishi wapi. Mwanawema alifumbua mdomo, akaufumba. Vidole vilikuwa vinatafuta kitu kwenye kanga na havikioni. Jina lake mwenyewe lilikuwa limempotea, na ile nguo nyeupe nayo ilikuwa inamtoka hivi hivi, anaiona. Masikini, machozi yalikuwa yameshafika. Mkaguzi akafunua kalamu.

Ndipo Bi Mize alipotokea mlangoni na pakacha lake la karafuu. Hakuja kumwombea mtu. Wachumaji walikuwa wameteremsha mzigo mkubwa na alikuja kumkokota mchambuzi wake arudi nyumbani. Lakini alimwona mtoto wa kaka yake ameketi pale kabumbuwaa, na hasira zake zikageuka upande.

"Mwamuuwa mwanangu! Mwamuuliza hana kitu mkononi?"

Akapita mbele ya mkaguzi bila hodi, akammiminia Mwanawema karafuu mapajani. Vidole vikaanza. Konyo la kwanza likaanguka, na jina likatoka. Likafuata la pili, na Madungu ikatoka, kisha, kwa Kiingereza kile kile, homa, kikohozi, unaumwa wapi, tangu lini, fungua mdomo, pumua. Mkaguzi aliinua mkono mara kadhaa kusema inatosha, na Mwanawema hakumwona. Mtihani alipita, tena kwa alama za juu.

Msimu ulikuwa haujesha siku alipoanza kazi hospitali. Asubuhi ile Bi Mize, ambaye hajawahi kumpa mtu karafuu ya bure, alichota konzi moja ya mbichi, akamfungia kwenye pindo la kanga na kulikaza fundo.

"Daktari akikuuliza, zishike," alisema, akitazama upande mwengine. "Na jioni urudi nazo. Zimechambuliwa."