Kikohozi cha Mwenye Taa

Kilikuwa kikohozi kimoja tu, kikavu na kifupi, kilichokatika ghafla kana kwamba mtu amejiziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa chumbani kwangu Miritini, alasiri, vipokea sauti masikioni, nikinukuu neno kwa neno sehemu mpya ya tamthilia ambayo ndiyo kiini cha tasnifu yangu ya uzamili. Nje, malori yalikuwa yakinguruma kama kawaida yake, kwa hiyo kwanza niliyashuku malori. Nikarudisha nyuma. Kikohozi kilikuwapo. Nikarudisha tena, nikaongeza sauti, na safari hii nikasikia pia kilichokifuata: pumzi iliyovutwa kwa taabu, halafu sauti ya mjomba wangu ikiendelea na hadithi kama kwamba hapakuwa na lolote.

Mjomba wangu ni mdogo wake mama, na kazi yake ni kutafsiri filamu. Watu wa kwetu humwita dijei, ingawa hapigi muziki. Hukaa peke yake katika chumba kule Mtopanga ambacho kuta zake amezifunika kwa magodoro makuukuu ili kelele za jirani zisipenye, akatazama filamu za nje, na kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Yeye ndiye mwanamume, yeye ndiye mwanamke, yeye ndiye mtoto anayelia na mashine inayotoa onyo. Katikati ya mambo mazito huwasalimia wateja wake, humkemea mhusika anayekaribia kukosea, na huulizia bei ya nazi. Kazi hiyo hunakiliwa kwenye flashi na kuuzwa katika maduka ya muvi kutoka Kisauni hadi Likoni. Mtu hasemi ameitazama filamu fulani. Husema amemtazama mjomba wangu.

Tamthilia ninayoitafiti inahusu mnara wa taa uliojengwa angani, mbali na sayari zote, ili vyombo visipotee gizani. Imekuwa ikiendelea tangu nikiwa shule ya msingi. Mtunzaji wa mnara hubadilika kila baada ya misimu kadhaa, lakini mjomba amewapa wote cheo kimoja: Mwenye Taa. Wa kwanza alikuwa mzee mkali asiyecheka. Wa pili alikuwa mwanamke, ambaye mashabiki humwita Bi Taa, na siku moja aliizima taa kwa makusudi ili maharamia waangamie, uamuzi ambao mashabiki hawajamaliza kuujadili hadi leo. Wa tatu, huyu wa sasa, ni mpole mno, hunywa chai wakati wote na kumwomba radhi kila anayepita. Swali la tasnifu yangu ni jepesi kulitamka: watazamaji wa huku kwetu wanamhukumuje mhusika mkuu anayebadilika sura lakini habadiliki sauti? Majibu nilikuwa nikiyapata katika kundi la mashabiki la simu, ambamo niliruhusiwa kuingia na kusikiliza.

“Wa kwanza alikuwa mwanamume,” alisema dereva mmoja wa tuktuk wa Likoni, katika ujumbe wa sauti uliojaa honi. “Huyu wa sasa ni mpishi wa harusi. Chai, samahani, chai, samahani!”

“Wewe unamtaka mkali kwa sababu umezoea ukali wa mkeo,” akajibu mama anayeuza viazi karai Mtopanga. “Muache mwenzio anywe chai yake kwa raha.”

“Wasee, Bi Taa ndiye alikuwa noma,” akadakia jamaa mmoja kutoka bara, mkaguzi wa makontena Changamwe. “Huyu wa sai anataka kubembelezwa tu.”

Hivyo ndivyo walivyozoea kusema, na mimi niliyaandika yote kwa furaha ya mtafiti. Kikohozi kiliporudi katika sehemu iliyofuata, kirefu zaidi, nilitazamia kwamba mtu atauliza hali ya dijei. Hakuna aliyeuliza.

“Mmesikia? Mwenye Taa anakohoa,” alisema dereva wa tuktuk. “Huyu kalishwa sumu.”

“Sumu ya nani? Ni moshi wa ile taa,” akasema mama wa viazi. “Wallahi nilisema tangu mwanzo, mnara ule hauna hata dirisha.”

Nilivunja kanuni yangu ya kutoingilia. Niliandika kwamba, kwenye picha, mdomo wa Mwenye Taa ulikuwa umefungwa wakati kikohozi kikisikika.

“Anakohoa kwa ndani, mwalimu,” dereva akanifafanulia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha kushukia. Kundi zima lilikubaliana naye.

Sikuona kosa hilo kuwa la kipumbavu, na hata sasa silioni hivyo. Kwa miaka yote hiyo wamefundishwa na mjomba mwenyewe kwamba kila kinachosikika ni cha hadithi. Akipita muuza samaki dirishani na mwito wake ukaingia kwenye kinasa, mjomba humfanya kuwa mfanyabiashara wa sayari jirani. Jenereta likinguruma, huwa ni chombo kinachotia nanga. Kwa nini basi kikohozi kiwe cha mtu aliye nje ya hadithi?

Kilichonitia baridi ni jinsi maoni yalivyogeuka. Yule mpole aliyedharauliwa akaanza kupendwa. Dereva wa tuktuk alikiri kwamba ukimya wa mtu mgonjwa una heshima yake. Mkaguzi wa makontena alisema huyu sasa amekaribia Bi Taa. Kwa mtafiti lilikuwa jambo la ajabu na la thamani: mhusika mkuu aliyeinuliwa na kitu ambacho waandishi wake hawakukiandika. Nilichapa aya nzima kuhusu hilo, aya nzuri, kisha nikaisoma nikaona kwamba hoja yangu bora imejengwa juu ya kifua cha ndugu wa mama yangu. Nikaifuta. Baadaye nikairejesha, kwa kuwa kuifuta hakukumponya mtu.

Mjomba naye husoma yanayosemwa kundini. Katika sehemu iliyofuata alishusha sauti na kusema, “Wapenzi wangu, moshi wa taa unamla mapafu. Lakini auache mnara amwachie nani?” Niliitafuta ile ya asili, isiyotafsiriwa, nikaitazama mahali hapohapo. Mwenye Taa alikuwa akilalamika kwamba chai yake imepoa.

Basi nikaelewa. Hakuwa tena akikificha kikohozi chake. Alikuwa amekipatia mwenyewe mwingine.

Nilikwenda Mtopanga Jumamosi, asubuhi, nikiwa nimebeba machungwa kama mtu anayekwenda kumjulia hali mzazi aliyejifungua.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu mnarani.”

Chumbani mlikuwa na joto la tanuri, kwa sababu feni haiwashwi wakati wa kurekodi. Alikuwa amevaa suruali ninayoifahamu, ila mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya, kwa msumari, mbali na matundu ya kiwandani. Alinimenyea chungwa moja, yeye mwenyewe hakula. Alipokohoa aligeukia ukutani, akauegemeza uso kwenye godoro, na nikatambua kwamba lile godoro ndilo linalokifanya kikohozi kisikike kimekatika.

“Umekwenda hospitali, mjomba?”

Alinitazama, akaweka ile sauti ya upole: “Samahani sana, bibi. Chai yangu itapoa.”

Nikacheka. Kila ninapokumbuka siku ile, kicheko changu ndicho ninachoshindwa kukielewa. Lakini sauti ile nimeisikia tangu utotoni, na mwili hucheka kabla akili haijashauriwa.

Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nyembamba kuliko ninavyoijua, “Nikienda, wataniambia ninyamaze. Nikinyamaza, kuna dijei mmoja wa bara pale Bombolulu, ana maikrofoni mpya, ananingojea nijikwae tu. Hawa watu wakizoea sauti ya mwingine hawarudi.”

“Hawatakuacha, mjomba.”

“Wewe umewatafiti, siyo? Walivyomwacha Mwenye Taa wa kwanza hukuona? Mwaka mzima walilia, wakaapa hawatamkubali mwanamke. Sasa hivi ukiwatajia yule mzee, wengi wanakuuliza, yupi?”

Alikuwa ameeleza kwa usahihi matokeo ya sura yangu ya pili.

“Na mama yako asijue,” akaongeza. “Yule akisikia, atashuka hapa anifunge kamba kama mbuzi, mbele ya wateja.”

Nilinyamaza, naye akauchukua ukimya wangu kuwa ahadi. Aliniongezea chungwa la kula njiani.

Siku zilizofuata nilifanya kile ninachokifanya vizuri kupita chochote: nilifikiri. Nilijiambia ni vumbi la magodoro. Nilijiambia kwamba vumbi halimkondeshi mtu. Nilijiuliza kama ni haki kuitoboa siri ya mtu mzima mwenye akili timamu, na nikajibu kwamba siyo haki, na nikajiuliza tena kama ni haki kuitunza. Niliwaza kuliambia kundi kwamba katika ile ya asili hakuna kikohozi hata kimoja, nikaona kwamba hapo nitakuwa nimemvua nguo mjomba sokoni. Msimamizi wangu, nilipomgusia kwa mbali, alinikumbusha kwamba mtafiti hashiki usukani wa gari alilopanda. Alisema hivyo kwa sababu sikumwambia ni nani anayeendesha. Nilishika simu, nikaiweka. Nilipika ugali nikausahau ukaungua. Nikaanza kuchapa kwa makosa, jambo lisilo la kawaida kwangu.

Halafu ikatoka sehemu mpya.

Ilianza vizuri, akawasalimia wateja na kuulizia bei ya nazi. Katikati, Mwenye Taa alipokuwa akipanda ngazi kwenda kwenye taa, kikohozi kilimshika, na hakikukatika. Kiliendelea, kikashuka chini ya sauti ya kawaida, kikawa kitu chenye majimaji, kisha kikazimwa na muziki. Mjomba alikuwa ameubandika wimbo wa tamthilia juu ya pengo. Wimbo ulipiga mpaka mwisho, ukaanza upya, ukapiga tena, na pichani watu walikuwa wakifungua na kufunga midomo bila mtu wa kuwasemea. Aliporudi alisema maneno machache tu na kuaga.

Kundi liliwaka moto.

“Amekufa?” aliuliza mama wa viazi. “Jamani niambieni, nimeshindwa kukaanga.”

“Hajafa. Asubuhi anaamka,” alisema mkaguzi wa makontena, bila lile tambo lake.

“Hafi,” akasema dereva wa tuktuk. Safari hii hapakuwa na honi, alikuwa ameegesha. “Mwenye Taa hafi. Dijei hawezi kutufanyia hivyo.”

Niliusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko utafiti ulivyohitaji. Kisha nikavua vipokea sauti, nikatoka nikasimama uani kwenye kamba ya nguo, na nikampigia mama, aliyeko shambani Kaloleni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula,” nikasema, na haikuwa kweli.

“Afadhali umepiga. Nilitaka nikupigie mimi. Hebu niambie wewe uliyesoma, huyu Mwenye Taa atapona?”

Nilikuwa nimesahau kwamba binamu yangu humpelekea mama flashi kila anapokwenda Kaloleni. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akitwanga.

“Maana Jumapili nimemtaja kwenye maombi,” akaendelea. “Mchungaji akaniuliza, huyo mgonjwa ni ndugu yako? Nikamwambia ni jamaa. Ningesemaje? Niseme ni mtu wa angani?” Akacheka. “Lakini mdogo wangu anajua kuigiza, usimwone vile! Kile kikohozi unakijua ni cha nani? Ni cha marehemu babu yako. Kile kile cha mwisho, alipokuwa hawezi tena kulala chali. Nilipokisikia nilimwambia baba yako, tazama, mtoto ameiga barabara, na wakati ule alikuwa mdogo, nilidhani hakumbuki.”

Nilishika kamba ya nguo kwa mkono wa pili.

“Mama,” nikasema. “Mimi nimeitazama ile ya asili. Ile ambayo mjomba hajaitafsiri.”

“Ehe?”

“Mwenye Taa hakohoi.”

“Hakohoi vipi?”

“Hakohoi kabisa, mama. Anakunywa chai tu.”

Aliyekuwa akitwanga aliendelea, pu, pu, pu, halafu nikamsikia mama akisema, si kwangu, “Hebu acha kwanza,” na kutwanga kukakoma. Kuku pia niliacha kuwasikia, labda alikuwa ameingia ndani. Nilisikia pumzi yake. Nilijiandaa kuulizwa tangu lini, na kwa nini, na nilikuwa na majibu yote, yamepangwa kwa utaratibu. Hakuuliza hata moja.

“Usimpigie,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. “Akijua nakuja atatoroka. Nashuka kesho na gari la kwanza. Unisubiri pale mlangoni kwake, tuingie pamoja, na hospitali unayoijua wewe tumpeleke.”

“Sawa, mama.”

“Usilie.”

“Silii.”

Nikamsikia akipiga hesabu zake.

“Pale kwake,” akauliza, “kamba ipo, au nije nayo?”