Viboksi vya Tata Wambeti

Shangazi yangu, Tata Wambeti, anauza miche ya makadamia hapa Karurumo, na mtandao wake ni ule wa bure: maandishi unasoma, picha huoni. Mahali pa picha panakaa kiboksi cha kijivu. Kutuma picha nako hakuwezekani mpaka ununue bando, na Tata anasema hatanunua kitu kinacholiwa na video ya mtu akicheza densi Nairobi.

Shida ilianza Munene, admini wa kundi letu la soko, alipoweka picha bila neno hata moja. Watu wakaandika chini, "Mungu ni mwema," "Tuko pamoja." Tata akaona hiyo ni harusi. Akaandika: "Mmependeza sana. Mwaka ujao mtuletee mapacha."

Lilikuwa jeneza la babake Munene.

Tata alimpelekea jogoo wa kuomba msamaha. Munene akapokea msamaha, akapokea na jogoo, halafu Jumatatu akatangaza sheria mpya: tangazo lisilo na picha litafutwa. Hakuna aliyeuliza sheria inamlenga nani. Mvua ya Oktoba ilikuwa imeshaanza, Tata ana miche mia mbili, na wateja wake wote wanatoka kwa hilo kundi. Mche ukikaa kwa karatasi ya kuoteshea mpaka msimu mwingine, mizizi inajisokota, unabaki wa kuwashia moto.

"Tata, nunua bando ya siku moja tu," nikamwambia. "Weka picha, yaishe."

"Hayataisha. Kesho atataka video, keshokutwa atataka nicheze."

Akaandika: "Miche mia mbili ya makadamia, ya kupandikizwa. Urefu ni wa goti langu, na mimi si mrefu. Kumi na mmoja imeliwa majani na panzi, nimeiweka kando, uje uione mwenyewe."

Munene akafuta. Tata akaandika tena, neno kwa neno. Akafuta. Mara ya nne Tata akaongeza mstari: "Munene, hiki kidole kimechimba mashimo miaka thelathini. Chako kitachoka kwanza."

Kabla Munene hajaufuta, Kawira, mwalimu wa mtaa wa Dallas kule Embu mjini, akajibu: "Mwaka jana nilinunua miche kwa picha nzuri, nikaletewa vijiti. Hakuna muuzaji amewahi kunitajia panzi. Niwekee hamsini."

Kisha akaingia Gachoki wa mbuzi, ambaye kwa miaka miwili amesifu picha ya kila mtu. "Hata mimi naona viboksi tu. Nilikuwa naona aibu kusema." Nelius wa mayai akasema ni hivyo hivyo kwake. Kufika saa sita, nusu ya kundi ilikuwa imejitaja, na Gachoki ameweka tangazo lake bila picha: "Mbuzi mweusi, pembe moja imevunjika, mpole kwa watoto, si kwa wakwe."

Munene akaandika kwamba sheria ni sheria. Akafuta mbuzi, akafuta mayai, yakarudi. Saa kumi akaacha kufuta.

Miche imebaki ile ya panzi tu. Jana Munene aliweka picha ya ndama wa kuuza, bila maneno, kama kawaida yake. Wa kwanza kumjibu alikuwa Tata Wambeti.

"Andika rangi."