Maneno Mia Tano ya Kitinda

Zilikuwa zimebaki siku mbili Kitinda awasilishe insha ya maneno mia tano, na mpaka asubuhi hiyo ya Jumatano alikuwa ameandika maneno tisa: "Katika kozi hii ya biolojia nimejifunza mambo mengi sana." Akayasoma, akaona haya, akayafuta yote.

Swali lenyewe halikuwa na utata. Eleza hatua ulizopiga tangu uanze kozi, na kama kuna kilichokukwamisha, kitaje. Hatua alizopiga Kitinda alizijua hata kwa idadi. Kumi na moja kutoka kitanda cha baba yake hadi jikoni, sita kutoka jikoni hadi bombani uani. Nyingine za mbali zaidi ya hapo alizipiga Jumanne na Ijumaa tu, jirani mshona nguo alipokubali kukaa na mgonjwa nusu saa ili yeye akimbie sokoni. Na kweli alikimbia.

Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, wa mwisho kati ya watatu, na jina lilimganda hata alipotimiza miaka thelathini na nne. Kabla ya mambo haya alikuwa msaidizi katika duka la dawa. Kazi ile aliipenda. Mwenye duka alimwambia mara nyingi, "Wewe ukipata cheti cha biolojia, chuo cha uuguzi hakikukosi." Halafu kiharusi kikamwangusha baba yake, aliyeuza nyama kwa miaka thelathini, akiwa buchani na aproni kiunoni. Upande wa kulia ukalala moja kwa moja, na maneno yakawa yanamtoka mojamoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Kikao cha familia hakikumaliza hata nusu saa.

"Mdogo wangu," kaka mkubwa alisema, "wewe huna mume wa kukuuliza uko wapi, wala mtoto wa kukulilia. Shika hapa kwa kipindi tu. Mimi na dada yako tutakuwa tunapokezana na wewe."

Kipindi kikawa mwaka, mwaka ukazaa wa pili. Kupokezana nako kukageuka simu za Jumapili: "Mzee hajambo? Haya, msalimie."

Tangazo la kozi ya mtandaoni lilisema, "Soma ukiwa nyumbani kwako." Kitinda alicheka peke yake alipolisoma, maana nyumbani ndiko alikokuwa hana namna ya kutoka. Akajiandikisha siku hiyohiyo.

Mwanzoni alikwenda mbio. Somo la seli alipata themanini na mbili. Alisoma simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la poda, huku mikono yake ikimpangusa mzee mgongo. Mzee alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akatokwa na vidonda, kwa hiyo masomo nayo yalikatika vipandevipande. Kila mara Kitinda alimsimamisha mwalimu katikati ya neno, na mwalimu, ambaye kwenye video hakuonekana zaidi ya mabega, akabaki kwenye kioo mdomo wazi.

"Mwalimu wako," baba alisema siku moja, "anapiga... miayo."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikampalia mzee hadi akainuliwa.

Somo la moyo ndilo lililomkalia kooni. Jaribio la kwanza alipata arobaini na sita, la pili arobaini na nne. Likabaki moja, la mwisho. Alikuwa anakariri kwa sauti vyumba vinne vya moyo, akikosea na kurudia, kitanda kilipogongwa kwa fimbo.

"Si hivyo," baba alisema. "Leta taulo. Mbili."

Akamwelekeza kwa mkono wake mzima. Taulo moja ikunjwe mara moja, nyingine mara tatu, zilazwe kifuani kwake sambamba.

"Huku kulia, kisu kinapita... laini. Huku kushoto, nyama nene. Unakandamiza."

"Kwa nini kushoto ni nene, baba?"

"Mimi muuza nyama. Kwa nini... kamuulize mwalimu."

Kitinda akazishika taulo zile, akazifinya. Ndipo alipong'amua: upande mwembamba unasukuma damu hapo jirani tu, kwenye mapafu, mnene unaisukuma mwili mzima, hadi vidole vya miguu. Alirudia jaribio akapata sabini na nane. Baba yake aliwaambia watu wawili waliokuja kumjulia hali wiki ile kwamba bintiye anasoma udaktari. Kitinda hakumsahihisha.

Ila lililokuwa linamzuia kuandika asubuhi hiyo ya Jumatano ni jambo lililompata Jumamosi iliyopita.

Kozi ilidai siku mbili za mazoezi ya vitendo kwenye maabara ya kituo, Jumamosi na Jumapili, uso kwa uso. Kitinda alimwomba kaka yake mwezi mzima kabla. Kaka akakubali, tena akaapa. Jumamosi ile Kitinda aliamka mapema, akamwogesha mzee, akamlisha, akaandika kwenye karatasi saa za dawa na saa za kumgeuza, akavaa koti jeupe aliloshonewa na jirani. Saa mbili kasoro simu ikalia.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Kazini wamenishika. Si unaweza kwenda siku nyingine?"

"Hakuna siku nyingine, kaka."

"Basi jaribu kwa dada yako."

Dada alikuwa na mtoto mwenye homa. Jirani alikuwa ameondoka alfajiri kwenda msibani. Kitinda akakaa kwenye kiti cha chumbani, koti mwilini, mkoba mapajani.

"Nenda," baba alisema.

"Niende wapi? Nani atakugeuza?"

"Nenda tu."

"Baba, usiniambie niende wakati unajua siwezi!"

Saa nne ilipofika akainuka kumgeuza, na alimgeuza kwa nguvu. Nguvu isiyohitajika. Bega la mzee likagonga ubao wa kitanda, akauma midomo. Alimtazama tu, kisha akafumba macho. Kitinda akatoka uani, akafungua bomba akaacha maji yakimwagika ili asisikike analia. Aliporudi alimpaka dawa begani.

Hiyo Jumatano, basi, aliandika yote. Aliandika alama zake, hata zile za arobaini na nne. Aliandika kwamba anajua sasa kwa nini ngozi iliyolaliwa muda mrefu hufa, kwamba maarifa hayo ameyapata ndani ya chumba kimoja, na kwamba kuna saa anakichukia chumba hicho na aliyemo. Aliandika habari ya bega. Maneno yakafika mia saba, akapunguza, akatuma kabla hajabadili mawazo.

Jibu la mwalimu lilikuja Ijumaa. Insha ilipata alama nzuri, na alama za nadharia zitahifadhiwa. Lakini mazoezi ya vitendo hayasamehewi. Atasogezwa kwenye awamu ijayo, baada ya miezi sita. Chini kabisa mwalimu aliongeza: "Tarehe za awamu hiyo ni hizi. Wape watu wako leo, usisubiri."

Miezi sita! Kitinda alijihisi kama mtu aliyefika mlangoni akakuta ukuta. Alimsomea baba yake jibu lote, akaruka sehemu ya insha.

"Waandikie," mzee alisema. "Andika... mimi nimesema."

Akaandika kwenye kundi la familia: "Tarehe hizi mbili sitakuwa nyumbani. Baba ameridhia. Mpangane nani atakaa naye."

Kaka akapiga papo hapo. "Siku hizi unatupangia?"

"Sikupangii, kaka. Nakuarifu mapema."

"Na tukishindwa?"

Kitinda alimtazama mzee aliyekuwa akisikia kila neno. "Mkishindwa, mje mmwambie mwenyewe hapa kitandani."

Kaka akakata simu. Siku ya nne dada akaandika kwamba yeye atachukua Jumamosi, aje na watoto wake. Baba akaomba asomewe ujumbe huo mara mbili.

Jumapili mpaka leo haijapata mtu.