Mshenga wa Moyo wa Kaka

Kabla sijaanza, naomba mnisamehe kwa tahajia na kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, nasimama, natafuta la pili. Mkikuta herufi imelala, jueni ilichoka kunisubiri.

Kaka yangu anaishi na moyo wa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyesoma katika nyumba yetu. Alitoka Kasulu akaenda kusoma ng'ambo, akapata kazi hukohuko, kisha akaugua homa, na baada ya homa moyo wake ukavimba hadi akawa anapumzika mara tatu kwenye ngazi moja. Madaktari wa huko waliutoa, wakampandikizia moyo wa marehemu ambaye ndugu zake walikubali. Mama alipoelezwa kwa simu aliuliza swali moja tu: "Huyo marehemu, wamemlilia?" Kaka akasema ndiyo, wamemlilia. Hata hivyo mama alikaa siku kadhaa bila kushika jembe, kama tufanyavyo anapofariki mtu wa karibu. Majirani walipomuuliza amefiwa na nani, alijibu, "Simjui, ila moyo wake uko kwetu."

Shida ya moyo wa kupandikizwa ni kwamba mwili unajua ni mgeni. Askari wa mwili wanaweza kuuvamia kimyakimya na mwenyewe asihisi kitu. Kwa hiyo kaka humeza dawa za kuwalegeza askari hao, na kila baada ya wiki chache hurudi hospitali. Daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo, na kijikoleo kilicho mwishoni hunyofoa vipande vidogo kama punje za ulezi. Vipande hukatwa vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na daktari mwingine huvitazama kwa hadubini aone kama askari wameingia. Mama aliposikia hayo alisema hata ng'ombe wa mnadani hachunguzwi hivyo.

Kiangazi kilichopita, wakati wa kupura maharage, kaka alinipigia simu. Alikuwa amechangamka kuliko kawaida, na hilo ndilo lililonitisha.

"Bwana mdogo," aliniambia, "huenda mwili wangu umeanza kuukataa moyo. Wameona askari wamejikusanya kwenye kipande kimoja. Ila daktari wa hadubini hana uhakika. Anasema yapo mambo yanayofanana na kukataa ambayo si kukataa. Atakikata tena, ndani zaidi, na mwenzake atatazama pia. Baada ya siku tatu watanipa jibu."

"Na kama ni kukataa?"

"Watanilaza, watanipa dawa kali. Ikishindikana..." Hakumalizia. "Mwambie mama taratibu."

Mimi sijui kumwambia mtu jambo taratibu. Ninachojua ni kutosema kabisa. Lakini mama alinitazama usoni mara moja, ikawa basi.

Kwanza alitaka kutuma mizizi ya kuupa mwili nguvu. Kaka akamjibu kwa simu, "Mama, unataka kuwapa silaha wanaonipiga." Akaiacha mizizi, akanishika mkono tukaenda Murungu, huko Kibondo, kwa shangazi.

Shangazi ndiye mwenye maneno katika ukoo wetu. Ndoa nyingi za huko zimepitia mdomoni mwake, na zilizovunjika anakumbuka zilivunjikia wapi. Alitusikiliza huku akimenya mihogo.

"Mwili wa mwanetu unaukataa moyo?"

"Ego," mama alikubali kwa Kiha.

"Nani alikwenda kuposa?"

Mama na mimi tukatazamana.

"Moyo umetoka kwa watu, umeingia nyumba ya watu," shangazi alisema. "Hakuna mshenga, hakuna pombe, hakuna hata salamu! Ningeolewa hivyo mimi, mngenikuta barabarani na godoro langu."

"Wifi, ilikuwa hospitali," mama alijitetea.

"Hospitali hawasalimiani?"

Akaamua jambo lifanyike kesho yake. Kwetu mshenga huenda na kibuyu cha pombe ya ndizi, hujishusha, husema maneno ya heshima mpaka wenye nyumba walegee. Ilipofika kumchagua mshenga, nilianza kutazama nje. Mimi dukani hununua kile muuzaji alichotangulia kukishika, ili nisimsumbue kwa kuomba kingine.

"Huyu hapa," shangazi alisema.

"Shangazi, mimi siwezi kusema mbele za watu."

"Kwani kuna watu? Unasema na kifua. Kifua hakicheki." Akamgeukia mama. "Mwenye haya ndiye mshenga mzuri. Hawezi kudanganya, hana pumzi ya kutosha."

Kesho yake alasiri, kwa kaka ikiwa asubuhi, tulimpigia simu ya video. Kwa shangazi mtandao hupatikana nyuma ya banda la mbuzi tu, kwa hiyo posa yetu ilifanyikia hapo. Kaka akatokea, macho mekundu. Shangazi akamwamuru afungue vifungo vya shati. Kovu lilishuka katikati ya kifua kama njia ya mchwa. Mama alikuwa hajaliona. Alijiziba mdomo kwa kanga.

"Sasa laza simu hapo juu ya moyo," shangazi alisema, na kioo kikawa cheusi.

Nilipiga magoti. Niliyoyasema nayakumbuka yote, kwa kuwa yalikuwa machache.

"Hodi humu ndani. Mimi ni mdogo wa mwenye nyumba. Mgeni mliyeletewa hakuja kwa ubaya. Amewaacha watu wake wanalia. Tangu afike anafanya kazi, hajaomba hata siku moja ya kupumzika. Tafadhali, kaeni naye."

Kutoka kwenye simu nilisikia du-du, du-du, kwa mbali. Mbuzi mmoja akalia. Shangazi akaninong'oneza, "Umesahau pombe."

"Na pombe tumeleta," niliongeza, "ila mko mbali, tutawanywea."

Hapo kaka alicheka mpaka simu ikateleza kutoka kifuani. "Jamani, mnataka kuniua kabla ya majibu?" Aliendelea kucheka, kisha kicheko kikageuka, tukasikia analia. Shangazi alinipa kibuyu, nami nikanywa niliyokuwa nimewaahidi wenyeji.

Siku ya majibu tulikuwa tumerudi Kasulu, nami niko kazini. Huwa nachambua maharage kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja wa mjini, mzee mpole aliyetoka pwani. Simu ilipolia nilitoka nje nayo, na konzi ya maharage mkononi.

"Si kukataa," kaka alisema.

Niliitoa simu sikioni nikaitazama, akadhani mtandao umekatika.

"Unanisikia? Safari hii kijikoleo kilinyofoa palepale kiliponyofoa safari iliyopita. Lilikuwa jeraha linalopona. Askari walikuja kusafisha, hawakuja kupigana. Wapo na wengine kidogo kwenye utando wa ndani, ila daktari anasema hao ni kama watu waliokaa barazani. Misuli yenyewe ni mizima, hawajaingia."

Nilitazama mkononi. Punje iliyotobolewa na mdudu ina alama, na punje iliyochubuliwa na fimbo ya kupuria ina alama vilevile. Mwezi wangu wa kwanza ghalani nilitupa debe zima la punje nzuri, na mzee akaniambia, "Kijana, igeuze kwanza uione upande wa pili." Nilimwonea huruma yule daktari wa hadubini. Mimi nikikosea, mtu anatafuna mdudu tu.

Mama nilipompigia simu kumpa habari alipiga vigelegele mpaka wachambuzi wenzangu wakauliza nani anaoa. Shangazi hakushangaa hata kidogo. Kaka alijaribu kumweleza. "Shangazi, kipande kilikuwa kimeshatoka mwilini kabla huyu hajapiga hodi!"

"Kwani mwili haukujua kuwa tuko njiani?" shangazi alimjibu.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Wiki hii kaka amekwenda tena kupimwa, na safari hii vipande viwili vina askari. Alinipigia yeye mwenyewe, bila shangazi, bila mama kujua. Alizungumza habari za mvua kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Bwana mdogo, hujaniambia kitu kifuani."

Ghalani kulikuwa na watu tisa. Nilisema palepale, kwa sauti, na waliocheka walicheka. Majibu yatatoka kesho kutwa, na nimeandika haya ili mikono isikae bure.

Kama unaishi na moyo au figo ya mtu mwingine, au ndugu yako anaishi nayo, tafadhali niandikie, hata mistari miwili. Niambie mnasema nini siku za kusubiri. Maneno yangu yanakaribia kwisha, na vipimo vyake bado ni vingi.